Machozi ya Kuazima

Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, baada ya chakula cha mchana, wanafunzi wa darasa la sita walibeba madawati yao mpaka ukumbini. Fundi umeme wa shule alitundika shuka jeupe ukutani, akawasha projekta yake iliyokoroma kama mtu mwenye mafua, na filamu ikaanza. Ilipokwisha, kila mwanafunzi aliandika mambo mawili katika daftari lake la filamu: hadithi ilihusu nini, na yeye mwenyewe alihisi nini.

Jambo la kwanza halikumsumbua Nukta. Wenzake walimpa jina hilo kwa udogo wa umbo lake, lakini kichwani alikuwa mwepesi. Angeweza kusimulia filamu nzima bila kuruka kitu. Kilichomshinda ni jambo la pili.

Mwezi wa kwanza wa mwaka huo, mdogo wake wa miaka sita aliugua homa kali, akafariki siku ya nne. Watu walijaa nyumbani, wakalia. Nukta hakulia. Aligawa maji, akapanga viatu vya wageni mlangoni, akaosha vikombe. Tangu siku hiyo kila kitu kilimfikia kwa mbali, kama sauti ya mtu anayezungumza chumba cha pili. Chakula alikula, akiitwa aliitika, shuleni hakukosa. Ila ndani palikuwa kimya.

Filamu ya kwanza ilimhusu mvulana aliyepotezana na mbuzi wake katika mafuriko. Nusu ya darasa ilitokwa na machozi. Nukta alikuwa akihesabu madoa ya dari. Ulipofika wakati wa kuandika, aliutazama ukurasa mtupu, kisha akanyoosha shingo kuchungulia kwa jirani yake wa dawati, msichana aliyeitwa Redio kwa sababu hakuzimika. Redio alikuwa ameandika: "Moyo wangu ulipasuka vipande vipande." Nukta akageuza kidogo: "Moyo uliniuma kama umechomwa mwiba." Mwalimu wa Kiswahili alimwekea nyota nyekundu.

Basi mchezo ukawa huo. Ikija filamu ya timu ya wasichana iliyochukua kombe, au ya mwizi aliyenaswa katika nyumba yenye popo, Nukta alimgeukia mwenzake.

"Hii ulihisije?"

"We! Ilibaki kidogo nizimie. Na wewe?"

"Hivyohivyo."

Mwezi wa kumi ilionyeshwa filamu ya dada wawili, na mmoja wao alifia hospitalini. Wanafunzi kadhaa waligeuka kumtazama Nukta. Yeye alikuwa akitazama kunjo la shuka ukutani, lililofanya kitanda cha mgonjwa kionekane kimepinda. Siku hiyo hakuhitaji kuchungulia. Aliandika mwenyewe: "Nililia mpaka kola ya shati ikalowa." Mwalimu akalichagua daftari lake lisomwe mbele ya wazazi siku ya kufunga shule.

Mama yake alikuwa fundi cherehani, na mashine yake ilikaa karibu na dirisha la sebuleni. Alipopewa daftari alasiri hiyo, mguu wake ulisimama juu ya kanyagio. Alisoma polepole.

"Kumbe ulilia?" aliuliza. "Mwanangu, nilikuwa na hofu. Mwaka mzima sijaliona chozi lako. Nilijiuliza, au huyu naye nimeshampoteza? Mungu ashukuriwe!"

Nukta alilichukua daftari, akalirudisha mkobani bila kumsahihisha. Wiki hiyo mama yake alimshonea shati jipya huku akiimba chinichini, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi mingi. Kila alipoimba, Nukta alitoka nje.

Zilipobaki siku mbili shule ifungwe, Nukta alibisha hodi katika ofisi ya walimu.

"Mwalimu, naomba mwingine asome."

"Unaogopa watu?"

"Hapana. Niliyoandika ni uongo. Yote. Sikulia, sikufurahi, sikuogopa. Nilikuwa naazima kwa Redio."

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Na wewe mwenyewe ulihisi nini?"

"Hakuna kitu."

"Ungeniandikia hichohicho."

"Ningepata sifuri, mwalimu. Nyota zako wanapata wanaolia."

"Hapo umenishika," alisema mwalimu. "Kosa hilo ni langu pia." Akampa karatasi safi. "Andika upya. Kusoma au kutosoma ni hiari yako. Lakini mama yako asikie kwanza, tena kutoka kwako."

Jioni Nukta alisimama kando ya cherehani, akasoma: "Filamu ya mafuriko: sikuhisi kitu. Dari ina madoa kumi na saba. Filamu ya mpira: wenzangu waliruka, nami nikasimama ili nisionekane nimekaa. Filamu ya mpishi aliyeogopa kuku: nilicheka mara moja. Kisha nikaona vibaya, kwa sababu mdogo wangu angecheka zaidi yangu. Filamu ya dada wawili: nilitaka kulia. Nilisubiri. Machozi hayakuja."

Uso wa mama ulimshuka. "Kwa hiyo ulinidanganya, nami nikafurahi."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Mama alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. "Mimi nililia msibani," alisema. "Lakini siku hizi nashona tu. Mteja akinichekesha, nacheka kwa mdomo. Nilidhani ni mimi peke yangu." Akamvutia kigoda. "Huyo mpishi, kuku alimfanya nini?"

Nukta akamweleza jinsi mpishi alivyopanda juu ya jiko na sufuria kichwani, akimpigia kuku magoti. Mama alicheka kidogo, kisha machozi yakamtiririka. Nukta hakulia. Alimwegemea begani mpaka mama alipotulia.

Siku ya kufunga shule alichagua kusoma karatasi mpya. Alipomaliza, mzazi mmoja aliguna, "Mtoto gani huyu?" Mwalimu alisimama hapohapo.

"Ni mtoto mkweli," alisema. "Mwaka mzima nimetuza machozi mengi nikidhani natuza ukweli, na yeye amenisahihisha. Wanangu, msiazime moyo wa mwenzenu ili mpendeze. Mtu anaweza kufiwa akabaki hahisi chochote kwa muda mrefu. Huyo si mbaya, wala hajawa jiwe. Moyo wake umechoka. Amwambie mtu anayemwamini, asibaki na kimya hicho peke yake."

Nukta alirudi mahali pake. Machozi hayakuja siku hiyo pia. Mama yake alisogea kumpisha, na walipokaa bega kwa bega, hakumuuliza kitu.