Watoto Mia Mbili na Kumi na Moja

Jumwa ana miaka sita. Kwao mvua imekataa kunyesha, mwaka wa pili sasa.

Leo shuleni kuna uji. Sufuria moja tu.
Blubu, blubu, blubu!

Lakini amekuja bwana mmoja kutoka kwa walioleta unga. Ana tai. Ana kamera. Njaa hana.
“Picha kwanza, uji baadaye!” anasema. “Nataka mistari iliyo sawa. Straight! Mtoto akibaki nje ya mstari, hapati.”

Watoto ni mia mbili na kumi na moja. Warefu mbele, wafupi nyuma.
Mfupi kuliko wote ni Jumwa.

“Wawili wawili!”
Tapu, tapu, tapu, miguu vumbini.
Mmoja amebaki. Ni Jumwa.

“Watatu watatu!”
Tapu, tapu, tapu.
Mmoja amebaki. Ni Jumwa.

Watano watano. Saba saba. Kumi kumi.
Mmoja amebaki. Ni Jumwa!

Jua linachoma. Mtoto mmoja anaanguka. Pu! Wenzake wanamwinua.

“Haka kadogo katoke,” anasema bwana. “Wakiwa mia mbili na kumi, wanapangika. Perfect!”

“Toka basi, Jumwa!” anafoka Kahindi wa darasa la nne. “Unatuchelewesha!”

Jumwa analia. Lakini hatoki.
“Na mimi nina njaa,” anasema. “Mwalimu, mbona nabaki mimi tu?”

Mwalimu Chengo anachuchumaa.
“Si kosa lako, mwanangu. Mia mbili na kumi na moja ni namba tasa. Kwa mbili haigawanyiki. Kwa tatu haigawanyiki. Kwa saba, wapi! Inagawanyika kwa moja, na kwa yenyewe. Basi.”

Jumwa anafuta kamasi. Anafikiri.
“Kwa moja inakubali?”
“Inakubali.”
“Si tupange mstari mmoja!”

Tapu, tapu, tapu!
Mstari unapita darasa. Unapita choo. Unapita tangi lisilo na maji. Mrefuuu!
Wa mwisho ni Jumwa. Yumo ndani.

Bwana anarudi nyuma na kamera. Anarudi. Anarudi tena.
“Hawaenei kwenye picha!”

“Shauri yako,” anasema Mama Nyevu, mpishi. “Mstari si huo? Uko sawa. Aliye nje ni nani?”

Bwana anatazama huku. Anatazama kule.

“Ni wewe peke yako, baba! Hebu sogea, nigawe uji.”

Watoto wanacheka. Hata Kahindi.

Mama Nyevu anagawa nusu kikombe, nusu kikombe. Sufuria inalia, kwaru, kwaru. Nusu ya mwisho ni ya Jumwa. Anainywa polepole. Analamba kikombe.

Jioni nyumbani, mkekani, mama yake anamuuliza, “Umekula, mwanangu?”
“Nimekula, mama. Tumekula wote.”

Uji wa kesho hakuna aliyeuahidi.
Lakini leo Jumwa amekula.
Mama anamfunika leso aliyojitanda. Jumwa anafumba macho.
Lala, mtoto. Lala.