Rudi Nyuma Kidogo

Shemeji yangu alikuwa mpiga picha, na mtaa mzima ulimwita Usicheke, kwa sababu hilo ndilo neno alilowaambia watu kutwa nzima. Kaa wima, tazama hapa, usicheke. Studio yake ilikuwa chumba cha hatua nne kinachopakana na changu, ukuta mmoja tu katikati. Mlikuwa na kiti kisicho na mgongo, kitambaa cheupe kilichobanwa ukutani, na meza ambapo dada yangu, mkewe, alikata picha za pasipoti kwa mkasi na rula. Dada alikuwa na jicho la vipimo. Angeitazama picha mara moja akakuambia kichwa kimezidi milimita mbili, na ukipima, ni kweli.

Miaka kumi na miwili ya sura zisizocheka ilimchosha shemeji. Akataka mabonde, milima na nyota. Sikuona ubaya wa hamu hiyo. Ubaya ulikuwa ulimi wake uliozoea kuamrisha, na dada yangu aliyezoea kutii.

Kwa wiki tatu nyumba ile haikuwa na habari nyingine ila lenzi. Alitaka pana, ya kumeza bonde lote na mbingu yake kwa mkupuo mmoja. Tena iwe na tundu kubwa la kupitisha mwanga, maana lenzi ya tundu dogo gizani ni kipofu mwenye miwani. Zile za kuvuta mbali na karibu alizikataa, akasema ni nzito na matundu yao hayatoshi. Mpya moja aliijaribu dukani, taa za pembeni ya picha zikatoka na mikia, akairudisha. Dada alimwuliza sura zinazowalisha zimemkosea nini. Akajibiwa kwamba yeye hajui kiu ya jicho, yeye ambaye jicho lake ndilo lililokuwa likisahihisha makosa ya bwana kila siku.

Ndipo shemeji akasikia kuna mzee, mpima ardhi mstaafu, anauza ya kwake: milimita kumi na nne, tundu la moja nukta nane. Mzee aliitoa ndani ya debe la mchele, alimoifukia ili unyevu usiiguse. Shemeji akaimulika kwa tochi. Haina kuvu, haina mkwaruzo, kioo cha mbele kimetuna kama jicho la ng'ombe. Bei ilikuwa nusu ya alivyotarajia. Rahisi ghali, dada alimnong'oneza. Shemeji akauliza sababu ya kuiuza.

"Sina tena wa kumsimamisha mbele," mzee akasema. Akafunika debe. "Hiyo inasogeza vitu mbali, mwanangu. Vyote viko karibu kuliko unavyoviona."

Shemeji alicheka. Kila lenzi pana iko hivyo, hata mwanafunzi anajua.

Jumamosi hiyo walikwenda kwenye ukingo wa bonde, nje ya mji, mahali pasipo na taa. Dada alikwenda kusimama ndani ya picha, kwa kuwa mandhari bila mtu hayampi mtazamaji pa kupimia. Kamera ikapandishwa kwenye stendi. Usiku, lenzi huachwa wazi sekunde ishirini na tano, na kwa muda huo mtu aliye hai hawezi kutulia. Atapumua, atayumba, atatoka na ukungu. Jiwe hutoka safi.

Picha ya kwanza ilikuwa nzuri. Nyota zimejaa kama chumvi iliyomwagika, na dada yuko katikati na ukungu wake. Pembeni kushoto alikuwepo mwanamke mwingine.

Huyo hakuwa na ukungu. Ukimkuza ungeweza kuhesabu vifungo vya gauni lake.

Shemeji alisema ni mpita njia, tena yuko mbali, tazama alivyo mdogo. Dada aliinama juu ya kioo cha kamera. Akaweka ukucha wa kidole gumba juu ya kioo, akapima.

"Mimi nimesimama hatua tano kutoka kwako," akanong'ona. "Nimetoka urefu wa ukucha wa kidole gumba."

"Sawa."

"Na yeye ni ukucha wa kidole gumba."

Walimulika kushoto, hatua tano. Nyasi tu. Nyasi zilikuwa zimelala, mahali pa nyayo mbili.

Dada akaomba warudi nyumbani. Shemeji akasema moja tu, ya mwisho, anga kama hilo halipatikani kila siku. Dada alichoka kubishana. Akaenda, akasimama. Kwenye kioo ardhi ilionekana tele nyuma yake.

"Rudi nyuma kidogo," shemeji akasema. "Nafasi bado ipo."

Alirudi. Kokoto zikaporomoka. Shemeji akabonyeza. Kioo kikawa cheusi. Akahesabu. Ishirini na tatu. Ishirini na nne. Akasema tayari. Hakuna aliyeitika.

Picha ikaja. Wanawake wawili, bega kwa bega. Dada yangu hakuwa na ukungu tena.

Tulimtoa chini ya ukingo asubuhi. Nilikwenda kwa yule mpima ardhi, mtu aliyetumia maisha yake kupima umbali, nikamwuliza kwa nini hakusema mkewe mwenyewe, yule wa pembeni ya picha, alikufaje. Akanijibu kwamba alisema: vyote viko karibu. Uchungu wa jibu hilo ninao hadi leo.

Shemeji alifunga studio kwa wateja. Aliziba dirisha, akaielekeza kamera kwenye kitambaa cheupe, akawa anapiga picha chumba kitupu. Kupitia ukuta nilimsikia kila siku, kwa sauti ya kubembeleza ambayo dada hakuwahi kuipata akiwa hai.

"Sogea mbele kidogo, mke wangu. Kidogo tu."

Alinionyesha picha hizo. Mara ya kwanza dada alitoka mdogo kama punje ya mtama. Wiki iliyofuata, ukucha. Kisha kidole. Shemeji alimpima kwa rula ile ile ya pasipoti na kuandika tarehe. Nilimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote, na bado kila jioni nilibisha hodi nimwone dada yangu alivyokaribia.

Jumanne moja, jua likiwa bado nje, nilikuwa nimejilaza. Shemeji alikuwa akiongea upande wa pili. Akanyamaza ghafla. Kisha ikasikika sauti ya mwanamke, mahali kamera ilipo. Naijua sauti hiyo. Ndiyo iliyonifundisha kuhesabu.

"Rudi nyuma kidogo."

Kiti kikaburuzwa.

"Rudi. Nafasi bado ipo."

Nyayo. Nikazihesabu bila kupenda. Nne, kisha ya tano. Ya sita. Chumba kile hakina hatua ya tano.

Tulivunja mlango, uliokuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Hakuwemo. Nyuma ya kitambaa mkono hauingii, lakini sakafuni pale palikuwa na kokoto za bondeni, mbichi kwa umande.

Katika kamera kulikuwa na picha moja mpya, ya sekunde ishirini na tano. Shemeji amesimama, kitambaa cheupe nyuma yake, na ukimkuza unahesabu vifungo vya shati. Hana ukungu hata kidogo. Kabla ya kumkuza nilichukua rula ya dada nikampima. Milimita moja.

Ukucha ni milimita kumi na tano, hatua tano. Piga hesabu mwenyewe: milimita moja ni hatua sabini na tano. Kiko chumba chake, kiko kitambaa, uko ukuta, na baada ya ukuta kiko kitanda changu, naye amekwisha kupita hapo zamani.

Nimehamia chumba cha mbele. Lakini juu ya shuka la kitanda kile, kila nikipita kuangalia, nakuta kokoto.