Maneno Thelathini na Moja

"Shemeji! Mbona hukusema kama unakuja?"

Dada wa masjala aliinuka kwa kasi hadi kiti kikagonga kabati la mafaili. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na miwani ya mume wangu mkononi. Mume wangu ni mchoraji wa ramani za nyumba, na asubuhi ile aliisahau mezani. Nikaacha gauni la mteja kwenye cherehani, nikampelekea ofisini. Mke mwema mimi.

"Nimemletea hii. Yuko wapi?"

"Ametoka mara moja. Kaa, shemeji, nikupe maji."

Sikukaa. Macho yangu yalikuwa juu ya meza yake, kwenye karatasi iliyoandikwa juu kwa herufi kubwa: KITAMBULISHO.

Lile lilikuwa neno langu.

Ngoja nieleze. Kwa miaka saba, kila asubuhi nilimchagulia mume wangu neno refu nikamtumia kwenye simu. Yeye alitafuta maneno madogo yaliyojificha ndani ya herufi zake, na saa ya chakula cha mchana alinitumia orodha. Mimi nilinakili kila orodha kwenye daftari. Wengine wana picha za harusi ukutani, sisi tulikuwa na madaftari.

Kwenye karatasi ile kulikuwa na miandiko miwili. Mmoja wa mume wangu, mkubwa na wa kupinda kwa kukosa miwani: simba, tumbo, kiatu. Mwingine mdogo, wa duara, kwa wino mwekundu: mkoba, shimo, bahili. Pembeni pa bahili mume wangu alikuwa ameandika, "Huyo ni wewe!" na kuchora uso unaocheka.

"Mnacheza kila siku?" nikauliza.

"Shemeji, ni mchezo tu..."

"Najua ni mchezo. Nimekuuliza kama ni kila siku."

Mume wangu akaingia na vikombe viwili vya chai, akanikuta. Chai ikamwagika viatuni na hata hakuifuta.

"Mke wangu..."

"Miwani yako hiyo. Tutaongea nyumbani."

Njiani simu ikalia. Ujumbe wake: "Hakuna kilichotokea kati yetu. Naapa. Sijawahi hata kumshika mkono."

Nikamjibu: "Njoo na kalamu."

Alifika jua bado liko juu. Nilikuwa nimeweka daftari la mwaka jana na la mwaka huu juu ya meza ya kukatia nguo, nimesogeza mikasi pembeni isije ikanishawishi.

"Kaa. Zungushia maneno yako."

"Unamaanisha nini?"

"Umenisikia. Yako yazungushie. Yake yaache."

"Jamani, mke wangu, hii ni adhabu gani? Ni maneno tu!"

"Ningekukuta umelala naye ningejua cha kukutukana. Kwa hili nakosa hata tusi. Mimi nakesha na magazeti nikutafutie neno tamu, wewe asubuhi unampelekea mgeni! Zungushia!"

Akaanza. Kurasa za mwanzo alizungushia kila kitu, akishusha pumzi kama mtu anayefaulu mtihani. Nikaruka kurasa nyingi, nikafunua ukurasa wa mbele. Akazungushia matatu. Nikafunua mwingine. Mawili. Hakudanganya, hilo nampa. Nikamrudisha nyuma hadi ukurasa ambao kona yake nilikuwa nimeikunja.

Akaweka kalamu chini.

"Huo usiniambie, tafadhali."

"Zungushia."

Ukurasa ule ulikuwa wa wodini. Mimba yetu ya miezi saba ilitoka jioni, na asubuhi yake nilishindwa kumpigia. Ningesema nini? Ukutani mbele ya kitanda changu kulikuwa na bango la akina mama. Nikachukua neno kubwa kutoka pale, nikamtumia: UNYONYESHAJI. Ndivyo nilivyoweza kulia.

Saa sita akanijibu kwa maneno thelathini na moja. Alikuwa hajawahi kupata mengi hivyo. Jina. Jasho. Njia. Neno. Nyuso. Chini yake: "Nimekaa nalo mpaka nimelimaliza. Hauko peke yako." Nililalia simu ile siku nne. Muuguzi aliniomba niiweke mezani, nikakataa.

"Mangapi hapa ni yako?" nikamuuliza.

Akaisukuma kalamu mbali.

"Nakuuliza, mume wangu. Mangapi?"

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Hata moja. Neno lako lilipoingia nilikaa kwenye ngazi za ofisi, nikashindwa hata kuona herufi. Yeye akanikuta, akachukua simu. Akasema, mkeo hawezi kukaa bila jibu, nipe niandike. Akaandika."

"Na lile la kwamba siko peke yangu?"

"Na lile."

Nilihisi moyo unashuka, unatafuta pa kukaa, haupati. Maneno yaliyonitoa kitandani yalikuwa ya mwanamke mwingine. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba alinihurumia kweli.

"Unampenda?"

Akaokota kipande cha uzi mezani.

"Sijui. Nikiwa naye naweza kuongea. Nikirudi hapa, ule mlango wa chumba tulichomwandalia mtoto umefungwa, wewe unashona, mimi naogopa kukohoa."

"Ungeniambia huna neno!" Nilipiga kelele mpaka nikajishangaa. "Ungekuja wodini mikono mitupu ukakaa! Ningekuachia nafasi kitandani. Sikuhitaji maneno thelathini na moja, nilikuhitaji wewe uliyeshindwa!"

"Nilidhani ukiniona nimeshindwa utaanguka."

"Nilishaanguka. Nilikuwa nakungoja huko chini."

Nikaingia chumbani, nikamtolea begi. Nilimkunjia mashati mwenyewe, mikono ya fundi haijui kukunja vibaya hata ikiwa na hasira.

"Unanifukuza?"

"Nenda kwa kaka yako. Siwezi kulala na mtu nisiyejua lipi amesema yeye na lipi ameandikiwa."

"Nikirudi utanifungulia?"

"Sijui. Ila ukija, uje hata ukiwa huna la kusema."

Akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, mabega yakaanza kutikisika, akashuka taratibu mpaka sakafuni pale mlangoni na kulia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikakaa chini kando yake. Ilikuwa mara ya kwanza tunamlilia mtoto wetu pamoja.

Tulipomaliza, alijifuta uso kwa kiganja, akabeba begi, akaondoka.