Aliyekaa Ndani ya Mpokea Simu

Mpokea simu alivuta pumzi, na kabla hajaitoa, mtu mwingine akaitoa. Aliisikia sikioni, nzito, yenye harufu ya nywele zilizoungua. Akafumbua macho. Stoo ilikuwa na ndoo, mafagio na yeye peke yake, na mlango alikuwa ameufunga kwa ndani.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza malalamiko ya waliokatiwa maji. Alitukanwa tangu asubuhi, na jioni matusi yaleyale yakawaangukia mume na watoto. Mwenzake wa meza ya pili akamfundisha dawa: jifungie mahali, fumba macho, fuata pumzi, ondoa mawazo yote kichwani. Dakika chache tu. Na kweli, alikuwa akitoka mwepesi kama unyoya. Ila hakuambiwa kwamba nyumba ikiachwa wazi haikosi mpangaji.

Siku iliyofuata alifumba macho stoo, akayafumbua jikoni kwake. Meza imeandaliwa, watoto wameoga, mume anacheka. Njia hakuikumbuka. Vidole vyake vilinuka nywele zilizoungua. Akamnong'oneza mumewe yote, akimsihi asimwache afumbe macho tena. Mume akasema ni uchovu tu, alale.

Akalala.

Alipozinduka hakuwa na macho ya kufumbua. Alikuwa mumo humo mwilini mwake, nyuma kabisa, gizani, akiisikia sauti yake ikiongea bila yeye, ikiwabembeleza wanawe kwa upole ambao yeye hakuwahi kuupata, na kila alipojaribu kupiga kelele ile pumzi nzito ilimziba, ikamdidimiza chini zaidi, mpaka siku aliposikia hodi na kumtambua shangazi wa mumewe, mganga, ambaye hakufika hata katikati ya sebule.

"Huyu siye," shangazi alisema taratibu. "Mkeo yuko ndani, analia. Mshike mikono, nimtoe huyu mgeni."

Nyayo za mume zikasogea, zikasimama.

"Mshike, mwanangu. Akizama zaidi sitamfikia."

Akahisi vidole vya mumewe vikigusa viganja vyake. Akakusanya nguvu zote zilizombakia, akangoja. Vidole vikampapasa kidogo, kisha vikaachia.

"Shangazi, mke wangu amelia miaka yote," mume alisema kwa sauti ya chini. "Huyu halii. Nenda nyumbani."

Mlango ukafungwa.

"Asante, mume wangu," ikasema sauti yake.