Koti la Bibi

Emiliana alikuwa amelikalia begi huku akivuta zipu kwa mikono miwili, nayo zipu ikamkatikia mkononi.

Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa pili wa mwaka 2019, na soko la Yeoville, huku kusini kabisa mwa Afrika, lilikuwa limejaa watu, harufu ya samaki wakavu na kelele za redio zisizoelewana. Alikuwa amekuja na nguo zake zote za safari ndani ya mfuko wa plastiki, maana hakutaka kununua begi kabla ya kuona kama zinaenea. Watu waliokuwa wakipita walimtazama na kucheka.

"Dada, begi halikaliwi," alisema Jeannine, muuzaji.

"Kwenye ndege litakaliwa na mabegi mengine. Bora nianze mimi."

"Haya, mupelekee Gaston, fundi yule. Akishindwa nitakupa lingine."

Fundi huyo alikuwa ng'ambo ya njia, katika kibanda chembamba chenye mlango wa kijani. Alivaa shati jeupe na kizibao cha kijivu alichojishonea mwenyewe, kikamkaa kama alizaliwa nacho. Utepe wa kupimia ulining'inia shingoni. Alilipokea begi bila maneno mengi, akabana meno ya zipu kwa koleo dogo, akapaka sabuni, akaivuta. Ikateleza kama haikuwahi kugoma. Emiliana alipenda namna mikono ile ilivyofanya kazi: haikukimbia wala haikurudia kitu mara mbili.

"Unaenda wapi na hii yote, mama?" aliuliza Gaston.

"Mama wa nani? Mimi sina mtoto."

"Kwetu Bukavu ni heshima."

"Kwetu Morogoro unaniongezea umri."

Gaston akacheka, meno yakaonekana. "Basi, dada. Unaenda wapi?"

"Albania, milimani. Tuna kikundi cha wanawake, wauguzi wengi wetu, tunatembea vilimani kila wikiendi. Mwisho wa mwezi wa tatu tunakwenda huko, majira ya kuchipua."

"Kuchipua iko mwezi wa tisa."

"Hapa. Kule mambo yamegeuka. Sisi majani yakianza kuanguka, wao maua yanafunguka."

Gaston aliliwaza jambo hilo kwa utulivu, kama mtu anayegeuza kitambaa kuona upande wa ndani. Kisha akaokota juu ya rundo la nguo begini kigauni cha pamba chenye maua madogo.

"Na unapeleka hii?"

"Si nimesema maua?"

"Mimi ni mutu ya milima, dada. Kwetu maua iko na baridi iko. Vinakaa nyumba moja."

Alikunja upya kila nguo, nzito chini, nyepesi juu, soksi ndani ya viatu, na begi likafungika bila kukaliwa. Emiliana aliondoka na namba yake ya simu, akijiambia ni kwa ajili ya zipu.

Zipu haikuharibika tena, lakini simu zilianza. Jioni, akiwa chumbani kwake mtaa wa Bertrams, nguo zimetandazwa kitandani, alipenda kumpigia.

"Nimeweka viatu juu," alisema siku moja, kwa makusudi.

"Emi, roho yangu, unataka niumwe?"

"Na kigauni nimekirudisha."

"Hicho acha. Unapendeza nacho. Lakini uvae kitu juu yake."

"Umekiona lini nikikivaa?"

"Nilikikunja. Fundi akikunja nguo anaona mwenyewe ndani."

Jumapili baada ya ibada walipanda pamoja mpaka juu ya kilima cha Observatory, yeye akiwa na viatu vyake vipya avizoeze, Gaston akiwa na viatu vya kanisani vilivyong'aa na ambavyo hakulalamikia hata mara moja. Walikaa juu ya jiwe, jiji lote chini yao. Gaston alimsimulia ukungu wa asubuhi wa kwao, na Emiliana akamsimulia baba yake, Msouth, mzaliwa wa nchi hii, aliyeishi uhamishoni Morogoro, akamwoa mama yake huko, akarudi nao hapa yeye akiwa binti mdogo. Upepo ulipovuma Gaston alivua kizibao akamtandika mabegani. Kilikuwa bado na joto lake. Emiliana hakukirudisha siku ile, wala hakuulizwa.

Wiki moja kabla ya safari alipitia kibandani kumwachia begi, mkanda uimarishwe. Akasimama mlangoni. Juu ya mwanasesere wa kupimia nguo, asiye na kichwa, lilivikwa koti la sufu, kijani kama majani yaotayo juu ya mawe, refu mpaka chini ya goti, limenyooka kiunoni. Lilikuwa na mkono mmoja tu. Ndani lilikuwa na kitenge cha njano chenye ndege, ndege ambao mvaaji peke yake angejua wapo.

"Gaston. La nani hili?"

Gaston alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja. Masikio yake yalibadilika rangi.

"Ya bibi yangu," alisema.

Emiliana alihisi kitu kimelainika kifuani. Aliona kikongwe huko milimani, mabega yamepinda kwa baridi, na mjukuu aliye mbali asiyemsahau. Alishika ncha ya koti kwa vidole viwili.

"Bibi yako ana bahati sana," alisema polepole.

Gaston aliweka pini mezani. "Unasema kweli?"

"Kweli kabisa. Anajua?"

"Sasa ninafikiri anajua."

"Yuko Bukavu?"

Gaston akacheka kama mtu aliyesikia utani mtamu, akataka kujibu, lakini mteja aliingia na suruali zake, na Emiliana akaondoka akiwa anampenda kuliko alipoingia.

Kesho yake alikuwa saluni kwa Victorine, naye wa Bukavu, akisukwa kwa ajili ya safari. Nusu ya kichwa ilikuwa tayari, nusu bado imesimama hewani.

"Mwanaume anayemshonea bibi yake koti," Emiliana alisema, "huyo si wa kuacha."

Vidole vya Victorine vilisimama. "Anamushonea nani?"

"Bibi yake. Kasema mwenyewe."

Victorine alizunguka akaja mbele, akachuchumaa, akamshika magoti. "Emi, mupenzi wangu. Nyanya ya mutu, kwetu tunasema koko. Bibi ni mwanamuke aliyemuoa. Bibi ni mke."

Emiliana alijitazama kwenye kioo, nusu amesukwa, nusu hajasukwa. "Malizia," alisema tu.

Simu iliita jioni ile. Iliita asubuhi, ikaita mchana akiwa zamu, akaigeuza uso chini. Ujumbe ulikuja: *Emi, nimekosa wapi?* Hakujibu. Usiku kucha alivipanga vitu ndani ya mfuko ule ule wa plastiki na kuvitoa, maana begi lilikuwa Yeoville, na safari ilikuwa imebakiza siku tano. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa amelisifu lile koti. Alikuwa amemsifia mke wa mtu bahati yake, mbele ya mumewe.

Siku iliyofuata, kazi ilipoisha, alikwenda. Alivaa suruali nyeusi na skafu ya buluu, mgongo umenyooka, uso umefungwa.

"Nimefuata begi langu."

Gaston alisimama nyuma ya cherehani. Alikuwa hajanyoa, na kizibao hakuvaa. Kilikuwa bado Bertrams. "Iko tayari."

Emiliana alilichukua. Angeweza kuondoka. Lakini lile koti lilikuwa pale pale, bado na mkono mmoja, na hakuweza kulipita kimya.

"Bibi yako yuko wapi, Gaston?"

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Iko mbele yangu. Amenikasirikia na sijui sababu."

Begi lilimteleza mkononi.

"Nilikuambia," Gaston alisema. "Nilisema mbele yako, ya bibi yangu. Nikangoja. Ukashika koti, ukasema ana bahati. Nikauliza unasema kweli, ukasema kabisa. Nikasema, asante Mungu, amekubali. Kesho yake haushike simu."

"Nilidhani ni mama wa mama yako."

"Koko? Koko alikufa mimi ningali mutoto."

"Kwetu bibi ni huyo."

Kicheko kilianzia tumboni kwa Emiliana, akakizuia, kikamshinda. Akakalia begi, akacheka mpaka machozi, na machozi mengine yalikuwa ya siku zile mbili. Gaston aliinama akamfuta kwa ncha ya kitambaa cha njano.

"Kwa hiyo umenioa bila kuniuliza," alisema Emiliana.

"Nilitaka kuuliza koti ikiisha. Mukono mumoja tu umebaki. Sikukupima, ungejua. Nilipima kwa jicho, sasa naogopa."

"Nipime basi."

Utepe ukatoka shingoni kwake ukapita begani kwa Emiliana mpaka kwenye kifundo cha mkono. Gaston akakata kitambaa, akakaa kwenye cherehani, ikaanza kuunguruma. Emiliana alisimama karibu akiushikilia mkono wa koti usijikunje, akitazama sindano ikienda bila haraka, na moyoni akasema angeweza kuitazama kazi ile maisha yake yote.

Katikati ya mshono umeme ukakatika. Zamu ya mtaa wao ya kukatiwa umeme ilikuwa imefika. Barabara nzima ikanyamaza, robot, zile taa za barabarani, zikazimika, na madereva wakaanza kupigiana honi.

"Eish," alisema Gaston.

Emiliana alilivua koti kutoka kwa mwanasesere, akalivaa jinsi lilivyo, mkono mmoja ukiwa kijani, mwingine wazi. Ndege wa kitenge walikuwa wakimgusa mbavuni. Lilimkaa.

"Uliza."

"Koti haijaisha, Emi."

"Uliza hivyo hivyo."

Gaston aliuliza, kwa sauti ndogo, utepe mkononi. Emiliana akamnyooshea mkono uliovikwa.

"Huu unasema ndiyo," alisema. "Huu mwingine, njoo uusikie kesho, ukimaliza kuushona."