Jiwe Lililonenepa

Msimu ule wa 1996, wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kufika Nkoma na malori yao. Kila asubuhi, kabla foleni ya magunia ya pamba haijajaa, Milembe alining'iniza jiwe la chuma la kilo kumi kwenye mizani ya baba yake, Luhende, mpima pamba wa kijiji, kuona kama inasoma sawa. Si mara moja, mara tano. Kila mara anasoma, anaandika kwenye daftari, mwisho anatafuta wastani.

Namba hazikutulia. Mara kilo kumi kasoro kidogo, mara kilo kumi na gramu hamsini.

"Mizani ni kama mbuzi wa kufungwa," baba alimwambia. "Lazima azungukezunguke. Ila asikate kamba."

Wiki ya tatu wastani ukapanda. Kumi na gramu mia mbili. Kesho yake, mia tatu. Milembe akamwonyesha baba. Luhende, gunia begani, akacheka.

"Chuma kimekula ugali? Angalia vizuri, ng'wana wane, mwanangu, watu wasije wakatucheka."

Na foleni nzima ikacheka. Kuanzia siku hiyo Milembe hakuligusa jiwe. Aliandika kumi, kumi, kumi, kumi, kumi, akakimbilia shule. Ila hata darasani roho haikutulia.

Asubuhi ya siku ya kumi tangu Milembe achekwe, kabla hajaandika, Sharifu, mnunuzi kutoka Bariadi, alishuka kwenye lori bila hata salamu.

"Luhende! Ukinipimia kilo mia, mjini nakuta tisini na tano! Pamba mnailoweka maji, ikifika kule imekauka. Sirudi tena Nkoma. Na hiyo mizani uachie watu wengine!"

"Pamba yetu haina maji. Mwanangu anapima jiwe kila siku. Daftari hili hapa!"

Mama Apolonia, mkaguzi wa mizani aliyekuja na Sharifu, alifunua kurasa za mwisho, akakunja uso.

"Siku tisa, mara arobaini na tano, kumi tupu? Hata mizani mpya haijipangi hivi. Haya yametungwa. Nani kaandika?"

Luhende akamtazama binti yake. Milembe angenyamaza, baba ndiye angeitwa mwongo.

"Mimi," alisema, machozi yakimlengalenga. "Sikupima. Jiwe lilikuwa linaongezeka, nikaogopa kuchekwa."

Mama Apolonia aliliweka daftari kando. Alining'iniza jiwe mara tano. Wastani: kilo kumi na nusu. Kisha akarudi kurasa za mwanzo, akachora nukta moja kwa kila siku.

"Wiki mbili zinacheza karibu na kumi. Hapa zinaanza kupanda, hazishuki tena. Springi imelegea. Nusu kilo kwenye kila kumi, Sharifu, ndizo tano zako kwenye mia. Maji hayapo."

Sharifu akakuna kidevu. "Basi wekeni springi mpya. Jumatatu nitakuja."

Jumatatu, mbele ya foleni, jiwe lilisoma kumi kasoro gramu hamsini. Milembe akaandika hivyohivyo. Safari hii Luhende hakucheka.

"Kosa la kwanza lilikuwa langu, nilikicheka kipimo," alisema, watu wote wakisikia. "La pili lako, ulikipamba. Mbuzi akikata kamba, ng'wana wane, hatusemi yupo. Tunapiga yowe, hata wakitucheka."