Mbayo Wawili

Jua lilikuwa linazama nilipopeleka daftari la ukoo kwa Carine, binti wa kaka yangu, karibu na stesheni ya Kamina. Nilikuwa na tarehe tatu za kusahihisha. Carine hutengeneza tovuti, na Jumapili alikuwa ameweka ukoo wetu mtandaoni: unabonyeza jina, mtu anatokea na picha na tarehe zake. Nukta ya kijani, yu hai. Ya kijivu, marehemu.

"Tantine na daftari yake!" alinicheka, mimi shangazi yake. "Batakuzika nayo."

Sikucheka. Mdogo wangu, Mbayo, alikuwa na homa tangu Jumapili hiyohiyo. Dawa zilikuwa hazimsaidii.

"Bonyeza Mbayo," nikasema.

Uso wa mdogo wangu ukatokea. Kuzaliwa: 1991. Kufa: 9 Novemba 1984.

Nukta ya kijivu.

Tarehe hiyo niliijua. Ni ya nkambo Mbayo, bibi yetu, ambaye mdogo wangu alipewa jina lake. Kwetu majina ya waliokufa hurudi kwa watoto.

Carine alifungua mistari yake ya JavaScript, akaifuata kwa kidole.

"Nilitumia jina kama ufunguo ya kila muntu. Majina iko sawa, mashini ikabaunganisha. Mu masomo nilifuata, hakuna muntu alikuwa na jina ya nkambo yake."

"Batenganishe. Sasa hivi."

"Nitabapa namba. Moja njo nkambo, mbili njo tantine Mbayo."

Aliandika upesi. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana. Betri ya kompyuta ilibaki asilimia nne.

Ndipo nikasikia harufu...

Tumbako ya kiko, kama aliyovuta nkambo. Humo chumbani hakuna anayevuta.

Nyuma yetu mtu akakohoa. Polepole. Mara mbili.

"Tantine... ni weye?"

"Andika."

Akahifadhi. Ukurasa ukajifungua upya. Mbayo wawili, mmoja juu ya mwenzake. Nukta mbili.

Zote kijani.

"Tarehe ya kufa niliiweka kwa namba moja," Carine alinong'ona. "Angalia, iko hapa."

Ilikuwapo. Niliisoma mara tatu. Kisha kioo kikazimika.

Simu yangu ikaita. Alikuwa Zacharie, mume wa mdogo wangu, ambaye huniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, Mbayo alilamuka! Homa iliisha. Alikula bukari yote!"

Nikamshukuru Mungu. Lakini Zacharie hakukata simu.

"Yaya... anaomba kiko."

Mdogo wangu hajavuta hata siku moja.

"Na anauliza njo nani alimupa namba... na huku ako na jina yake."

Nilikuwa sijamwambia Zacharie chochote.

Upande wake wa simu, mtu akakohoa.

Polepole. Mara mbili.